Marahaba ya Mbuzi

Jumatano, 5 Juni

Nimekwisha. Leo wakati wa chai Baba ametangaza kwamba kwenye harusi ya Dada, Jumamosi ya wiki ijayo, neno la shukrani kwa niaba ya familia litasemwa na mimi. Mimi! Mtu ambaye dukani hununua chochote kilicho karibu na mkono ili nisimsumbue muuzaji kwa maneno. Juzi nilitumwa chumvi nikarudi na betri.

Nikasema naumwa koo. Baba akauliza koo gani hilo lenye kalenda, linaloumwa leo kwa ajili ya wiki ijayo. Mama akasema nina miaka kumi na sita, mwanamume mzima. Dada akanimiminia chai. Dada ndiye msemaji wangu tangu utotoni. Hata kwa daktari yeye ndiye aliyekuwa akieleza wapi pananiuma. Siku moja alijisahau akaeleza panapomuuma yeye, nikachomwa sindano ya ugonjwa wake. Nilinyamaza. Alikuwa ameeleza vizuri mno.

Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili. Mimi nanyamaza kwa zote mbili, kwa ufasaha. Ndiyo maana wananiita Konokono.

Redio naye alikuwepo. Huyu ni binamu yangu, mtoto wa Shangazi, rika langu, anaongea hata akipiga mswaki. Akasema kama Konokono anaogopa, yeye yuko tayari kunisaidia. Alisema kwa sauti ya kufika kwa jirani. Msaada wa Redio ni kama jua kuisaidia barafu.

Lazima nipate mpango.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango umekuja wenyewe, kwa miguu, umevaa miwani. Ni Shangazi!

Shangazi anafanya kazi baraza la mji. Amepewa kuongoza kampeni ya adabu, kwa sababu watu wamezidi kugombana kwenye foleni. Mwezi uliopita kioo cha dirisha la malipo ya maji kilivunjwa kwa mwavuli. Mwenyekiti wa baraza anataka kinyago cha kampeni: mnyama mkubwa wa kitambaa, mtu ndani yake, atakayezunguka mjini kuwakumbusha watu kusalimiana na kuombana radhi. Kampeni ikianguka, Shangazi atahamishiwa idara ya makaburi. Alisema huko wateja hawagombani kamwe, ila hata salamu hawaitikii.

Alikuwa akimlalamikia Mama. Kamati imekaa asubuhi nzima kutafuta mnyama mwenye adabu. Simba amekataliwa, anakula watu. Sungura, kila mtoto anajua ni laghai. Fisi hakujadiliwa. Punda, shukrani zake mateke. Kobe alipendwa sana, mpaka Mwenyekiti akauliza kama wanasema mafumbo kuhusu huduma za baraza. Akabaki mbuzi. Mbuzi hana sifa yoyote, ndiyo maana hakuna aliyempinga. Mjumbe mmoja tu alisema mbuzi hula nguo za watu kambani, akajibiwa kwamba huyu atazibwa mdomo.

Atazibwa mdomo! Nilisimama bila kujua. Nikauliza, kwa sauti kabisa, nani atakaa ndani.

Shangazi akasema hapo ndipo pagumu. Anatakiwa mtu asiyejulikana, asiyesema neno, aliye tayari wiki nzima, pamoja na Jumamosi ya tarehe 15.

Tarehe 15. Siku ya harusi. Kazi ya umma! Hata Baba hawezi kushindana na kazi ya umma.

Redio alikuwa ameshaiomba nafasi hiyo. Shangazi amemnyima mwanawe wa kumzaa. Alisema kinyago kinachoongea si kinyago, ni mgombea. Akaniangalia mimi kwa furaha ya mtu aliyeona shati la mwisho dukani, nalo linamtosha. Mama alipokwenda jikoni tukakubaliana. Ni siri ya ofisi, hata Redio asijue. Nyumbani wataambiwa nasaidia kupanga mafaili.

Nimelala mchana kwa raha. Sijalala hivyo tangu nianze sekondari.

Jumatatu, 10 Juni

Leo kupima. Aliyemshona mbuzi ni fundi wa makochi, kwa hiyo mbuzi ana tumbo la sofa na vifungo mgongoni. Kichwa ni kikubwa kama pipa. Napumua kupitia mdomo wake, uliowekwa wavu mweusi.

Kasoro moja. Nilijitazama kwenye kioo cha chooni nikaona kidevu changu, kile chenye chunusi, kinachungulia chini ya wavu. Mtu anayenifahamu angejua mara moja. Nikatokwa na jasho. Kisha nikapata wazo, na naliandika hapa kwa fahari: mbuzi si ana ndevu?

Fundi hakuwa na kitu cha ndevu. Nikampelekea dekio jipya la kufutia sakafu kutoka stoo ya ofisi. Nyuzi nyeupe, nene, ndefu hadi magotini. Akashona. Shangazi akauliza kama hazijazidi. Nikatikisa kichwa. Zinanifunika kama pazia. Mahali pazuri kuliko yote niliyowahi kukaa.

Nikajaribu kutembea kwenye korido. Tarishi akafungua mlango, akaniona, akavua kofia akasema shikamoo. Tulicheka sana.

Ningejua, nisingecheka.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya kwanza. Ukumbi wa malipo ya maji. Kazi yangu ni rahisi: kuinama, kupunga mkono, na kuonyesha maneno yaliyoshonwa tumboni, SALIMU KWANZA.

Kumbe nina msemaji. Redio! Ana kipaza sauti na fulana ya kampeni. Shangazi aliniambia pembeni kwamba mtoto alisusa kula siku mbili, angefanyaje. Redio hakunitambua. Alinikumbatia akaninong'oneza nisiwe na wasiwasi, maneno yote ni juu yake. Akaongeza kwamba anaye binamu anayeitwa Konokono ambaye hata chupa ya soda humshinda kuagiza. Nikainama. Ndiyo kazi yangu.

Basi akaingia bibi mmoja, mgongo umepinda, fimbo mkononi, foleni nzima ikimpisha. Akasimama mbele yangu. Akazitazama ndevu kuanzia juu hadi chini, taratibu. Kisha akaegemeza fimbo ukutani, akakunja magoti, akasema shikamoo.

Nikaganda. Tangu nizaliwe nimefundishwa kwamba mdogo ndiye huamkia. Nikimwamkia mimi, nimeipiga teke salamu yake. Nikinyamaza, kinyago cha adabu kimemnyima bibi kizee itikio, hadharani, na SALIMU KWANZA tumboni. Bibi bado amekunja magoti. Magoti yakaanza kutetemeka.

"Marahaba!" nikaropoka.

Ndani ya pipa lile sauti yangu ilitoka nzito, kama ya mtu aliyezikwa akarudi na malalamiko. Mimi mwenyewe niliogopa.

Bibi akanyooka, uso unang'aa. Akawaambia watu kwamba tangu kaka yake mkubwa afariki hajapata wa kumwamkia. Mji mzima unamwamkia yeye. Marahaba, marahaba, kutwa kucha, mtu anachoka kuwa mkubwa! Leo amejisikia msichana.

Redio hapo hapo akatangaza kwamba Mzee Mbuzi ana miaka mia moja na minne. Shangazi akamuuliza hesabu hiyo ameitoa wapi. Akajibu kwamba mzee mwenye ndevu kama zile hawezi kuwa na mia tupu.

Jumatano, 12 Juni

Wamekuja wote. Sikujua mji una wazee wengi hivi. Wengine kwa fimbo, wengine wameshikwa mkono, mmoja kwenye kiti cha magurudumu kinachosukumwa na mwanawe ambaye naye ana mvi. Wamepanga foleni kuniamkia. Marahaba. Marahaba. Marahaba.

Babu wawili wamegombana vikali, kila mmoja akidai yeye ndiye mdogo kwa hiyo atangulie. Walikuwa karibu kushikana mashati. Nikanyoosha kwato. Wakaombana radhi papo hapo, watu wakapiga makofi.

Bibi wa jana amerudi na ombi. Anataka nimkaripie. Alisema ni miaka na miaka hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumkaripia. Nikafikiri. Nikamwambia aache utundu. Akaondoka anacheka, fimbo kaisahau ukutani.

Shangazi ana furaha mpaka miwani inateleza. Hakuna ugomvi tena kwenye dirisha la maji. Kwa kweli hakuna mtu kwenye dirisha la maji, wote wako kwangu.

Nakiri jambo moja hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayesikia. Leo nimeongea na watu kuliko mwaka mzima uliopita. Neno lilikuwa moja, lakini mara nyingi.

Alhamisi, 13 Juni

Balaa.

Mwenyekiti wa baraza alikuja na mpiga picha wa gazeti. Mwenyekiti ni mtu mzima wa kuamkiwa. Akasimama mbele yangu, akatoa tumbo, akasubiri shikamoo yake. Nami kwa mazoea ya siku mbili nikasubiri yangu. Si kwa kiburi! Niliogopa tu. Tukatazamana. Mpiga picha akashusha kamera, akaipandisha, akaishusha. Redio akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba Mheshimiwa anakumbushwa, Mzee ana miaka mia moja na minne.

Mwenyekiti akasema kwa meno yaliyofungwa kwamba yeye hawezi kuliamkia dekio.

Kikao cha dharura kikafanyika kwenye korido, mimi nikisikiliza kupitia wavu. Ajenda moja: umri wa mbuzi. Afisa mmoja akapendekeza awe wa miaka hamsini. Mwingine akasema mbuzi halisi hafiki huko. Mwenyekiti akakata shauri: ndevu zinyolewe, mbuzi awe kijana, aamkie watu kama kijana. Shangazi akajaribu kusema, akakumbushwa kwamba idara ya makaburi ina kiti kitupu. Mkasi ukaletwa.

Mkasi! Ndevu zikienda, kidevu nje. Kidevu nje, Redio ananiona. Redio akiniona, nyumbani watajua kabla sijavua kwato. Nikakimbia. Kichwa cha mbuzi hakipiti mlango mdogo wa stoo. Sasa nimejua. Kichwa kiliingia kwa nguvu kikakataa kurudi, mimi nimekwama, upande wa mbele stooni, upande wa mkia ukumbini.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Wahenga hawakuwahi kukwama nacho mlangoni.

Yaliyofuata niliyasikia tu. Fimbo zikigonga sakafu. Wazee wamenizunguka. Sauti ya yule bibi ikimuuliza Mwenyekiti tangu lini mtoto akamnyoa mkubwa. Kisha akamwita kwa jina lake la utotoni, mbele ya gazeti. Silitaji hapa. Linahusu godoro.

Halafu nikasikia sauti ndogo ya mtu mkubwa ikisema shikamoo, Mzee. Alikuwa anauamkia mkia wangu. Ningefanyaje? Nikaitika kutoka upande wa stoo. Ukumbi mzima ukashangilia. Kamera ikalia.

Kampeni imeokoka. Shangazi amenipaka mafuta ya kupikia shingoni ili nitoke.

Ijumaa, 14 Juni

Picha iko kwenye gazeti. Mwenyekiti, na makalio yangu. Baba ameikata akaibandika kwenye friji. Amesema huyo ndiye mzee, kimya, heshima, si kama vijana wa siku hizi. Nikaitazama ile picha nikinywa maji.

Kisha akaniuliza kama kweli yale mafaili hayawezi kusubiri siku moja, dada yangu anaolewa mara moja. Nikasema ni kazi ya umma. Akasema basi, Redio atazungumza badala yangu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Lakini mpango umetimia! Nilikuwa bado najipongeza Dada alipoingia na gazeti mkononi. Alikuwa amelia kidogo. Alimwambia Shangazi, aliyekuja kusaidia maandalizi, kwamba babu na bibi zetu wote wameshatangulia, na kesho kile kiti cha mkubwa wa ukoo kitakuwa kitupu, upande wa bwana harusi wana wazee sita. Akauliza kama Mzee Mbuzi anaweza kuja kukikalia. Akasema anajua ni upuuzi. Lakini atafurahi.

Shangazi akakubali kabla sentensi haijaisha. Mwenyekiti pia amealikwa, itakuwa picha nzuri.

Nilipompata Shangazi peke yake nikamnong'oneza kwamba Jumamosi mbuzi yuko kazini. Akasema ndiyo, hiyo ndiyo kazi.

Nimefikiri sana. Haidhuru. Mbuzi atakaa, hatasema. Redio ndiye atasema. Nitakuwepo kwenye harusi ya Dada na hakuna atakayeniona. Ukiangalia vizuri, huu ni mpango bora kuliko wa mwanzo. Nina kipaji.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika usiku, harusi imekwisha.

Ukumbi, watu mia tatu. Mimi kwenye kiti cha mkubwa wa ukoo, kimepambwa kitambaa cheupe. Wazee sita wa upande wa pili wakapita mmoja mmoja kuniamkia, nikaitika. Baba mwenyewe akainama akaniamkia. Baba! Nikasema marahaba, mwanangu. Ilinitoka tu. Akaguswa.

Ikafika zamu ya neno la shukrani. Redio akasimama, tai nyekundu, akakohoa kwenye maikrofoni. Mzee mmoja wa upande wa pili akainua mkono. Akauliza kwa upole kama kwa familia yetu ni desturi kijana kuongea huku mtu wa miaka mia moja na minne amekaa.

Hesabu ya Redio! Ulimi wa Redio!

Baba akaona aibu. Akamnyang'anya Redio maikrofoni, akaja nayo kwangu, akaipenyeza katikati ya ndevu. Redio akasema yeye ni mkalimani wake. Akaambiwa akae.

Watu mia tatu. Nikafumba macho. Ndani ya mbuzi kulikuwa giza, joto, na harufu ya mafuta ya kupikia. Hapakuwa na mtu. Nikajiambia, hapa ni ndani ya konokono tu. Nikaanza.

Nilisema asante kwa wakwe. Nilisema familia hii inawapa kinywa chake. Nikasema namjua kijana mmoja ambaye huyu binti alikuwa akimsemea kila mahali, dukani, shuleni, hadi kwa daktari, na siku moja kijana akachomwa sindano ya ugonjwa wa dada yake, akanyamaza, kwa sababu dada alikuwa ameeleza vizuri mno. Watu wakacheka. Nikasema kuanzia kesho yule kijana itabidi amtafute daktari anayekisia. Wakacheka zaidi. Nikamwambia bwana harusi amsikilize huyu mke, maana hata akikosea, atakosea kwa ufasaha.

Dada hakuwa anacheka tena. Alikuwa akiutazama wavu.

Makofi. Baba anafuta macho. Nikasikia akimwambia Mama kwamba laiti mwanawe angekuwa na nusu ya ulimi wa mbuzi huyu.

Joto likanizidi. Nikatoka hadi chumba cha nyuma kinapowekwa viti, nikavua kichwa, nikakiweka juu ya meza, nikavua na vazi, nikaenda kwenye bomba la uani, mkabala na dirisha la chumba hicho, kujimwagia maji.

Na nani akaingia chumba kile kumpelekea Mzee soda? Redio. Akaona kichwa kitupu. Mtu mwingine angeshangaa. Redio alikivaa. Na hapo ndipo mlango ukafunguliwa, Baba, Mwenyekiti na wazee sita wakija kushukuru, wakamkuta anakivua.

Redio akasema, "Mimi..." Makofi yakammalizia sentensi. Kwamba muda mfupi tu uliopita walimwona akiambiwa akae huku mbuzi yuko kitini, hakuna aliyekumbuka.

Wakambeba juujuu. Nilikuwa nimesimama kwenye bomba, maji yananichuruzika. Shangazi, aliyekuja nyuma yao, akanitolea macho juu ya miwani: sema! Nilitaka. Kweli nilitaka. Lakini ili kusema kwamba mimi ndiye niliyesema mbele ya watu mia tatu, ingenibidi niseme mbele ya watu mia tatu.

Nikapiga makofi pia.

Jumapili, 16 Juni

Hasara na faida.

Redio ni shujaa wa ukoo. Jambo la ajabu, tangu jana hajaongea sana. Nadhani anaogopa kuombwa arudie. Shangazi hahami. Mwenyekiti amempandisha cheo. Baba hanisemeshi, isipokuwa kunipa hukumu: tarehe 29 wakwe wanakuja nyumbani kututembelea, na neno la kuwakaribisha nitasema mimi, mafaili yawepo yasiwepo. Redio atanifundisha. Redio!

Mchana simu ikatetemeka. Ujumbe kutoka kwa Dada: "Asante, mbuzi wangu. Na pole ya sindano ile, mimi ndiye niliyekuwa naumwa sikio." Niliusoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama. Nikaandika, "Marahaba."

Baada ya hapo nimetafakari wiki nzima kwa makini, kama mtu mzima, na somo nimelipata. Tatizo halikuwa kuogopa watu. Tatizo lilikuwa ndevu. Bila ndevu, hakuna shikamoo. Bila shikamoo, hakuna mkubwa. Bila mkubwa, hakuna hotuba. Ni wazi kama mchana.

Kwa bahati, Shangazi amepewa kampeni mpya, ya kunawa mikono. Kinyago ni kipande cha sabuni. Sabuni haina umri! Nani ataiamkia sabuni? Nani ataiomba neno la ukoo? Nimeshamwomba nafasi, na nimehakikisha tarehe 29 iko ndani ya ratiba.

Jioni nimekwenda kwa fundi kujipima. Inanikaa vizuri. Kidevu tu ndicho kinaonekana kidogo. Nimemwomba aongeze povu hapo mbele, jeupe, refu refu hivi, lishuke hadi magotini.